Namba ya Nne kwenye Orodha ya Arifa

Nilipokabidhiwa mtandao wa zahanati zetu, nilikabidhiwa pia uchovu wa mtu aliyenitangulia. Alikuwa ameacha kazi na kuhamia mkoa mwingine, na siku ya makabidhiano hakuwepo. Nilipewa funguo za kabati, daftari la nywila zilizoandikwa kwa penseli, na simu ndogo ya ofisi. Simu ile iliita kabla sijatoka mlangoni.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Taasisi yetu ina zahanati saba, nyingine Karagwe, nyingine Kyerwa, na mimi nakaa Rubwera kwenye ofisi yetu. Kila zahanati ina ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani, na ubavuni mwake kimeunganishwa kipima joto kinachoingia kwenye jokofu la chanjo. Umeme ukikatika, betri za sola zikiishiwa, au jokofu likianza kupata joto, ruta inaitaarifu kompyuta ya ofisini, na kompyuta inawatumia meseji watu walio kwenye orodha. Tunaziita arifa. Anayeipata anampigia mlinzi au muuguzi, jenereta inawashwa, chanjo zinapona. Hayo ndiyo yaliyokusudiwa.

Lakini mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameziacha ruta kama zilivyotoka kwenye maboksi yake, na zikitoka kwenye boksi huwa zinatangaza kila kitu. Mfanyakazi wa usafi akichomoa waya ili apige deki, arifa. Akiurudisha, arifa. Upepo ukitikisa antena ya zahanati ya Chonyonyo, arifa tatu kwa mpigo. Zilinikuta kanisani tukiwa tumepanga mstari wa ushirika. Zilinikuta namenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Kwenye msiba wa shangazi yangu nilikuwa nimekaa chini kwenye majani pamoja na kina mama, simu inatetemeka ndani ya kanga yangu kama senene aliyenaswa, na mama mmoja akanigeukia akasema, "Jamani, huyo anayekutafuta hajui kuna msiba?" Mume wangu alikwisha kuacha kuuliza nani anapiga. Nami baada ya mwaka nikawa sizisomi. Nilitazama urefu wa meseji tu, nikairudisha simu mfukoni.

Siku moja mkuu wangu wa kazi aliniita. Ni mwanamume mpole, mhasibu kwa kusomea, anayeogopa mambo ya kompyuta kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alikuwa ameletewa barua na wakaguzi.

"Mama, hapa wanasema taarifa za mitambo yetu zinasafiri uchi. Maana yake nini?"

"Maana yake aliye njiani anaweza kuzisoma. Na mtu anaweza kujifanya ruta yetu akatutumia za uongo, tukazikubali."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Basi zivishe nguo," akasema.

Nilianza na jambo jepesi, orodha ya wapokeaji. Zilikuwa namba nne. Ya kwanza ilikuwa simu ya ofisi niliyokuwa nayo, ya pili ya mkuu, ya tatu ya muuguzi mkuu. Ya nne sikuifahamu, wala mkuu hakuifahamu. Nilipekua daftari la penseli nikaikuta ukurasa wa mwanzo kabisa: ilikuwa laini binafsi ya mwenzangu aliyeondoka. Nikaipiga ili nimsalimie na kumwambia namtoa. Akapokea mzee.

"Shikamoo," nikasema, nikidhani ni baba yake.

"Marahaba. Unapiga kutoka Rugera?"

"Hapana, mzee. Niko Rubwera."

"Rugera kuna nini leo? Meseji sijaiona."

Nilikaa. Rugera kuna mojawapo ya zahanati zetu saba. Nikamuuliza laini ile ameipata wapi. Akasema aliinunua Omurushaka, kwenye meza ya mwavuli, msimu wa kahawa wa mwaka juzi, akaandikishwa kwa kitambulisho chake kama mtu mwingine yeyote. Mwenzangu alipoacha kuitumia ilikaa kimya, ikafa, ikauzwa upya. Kompyuta yetu haikuambiwa. Ikaendelea kumtumia mzee yule habari za majokofu yetu yote saba, kila siku, mchana na usiku.

"Ninyi ndio mnaonitumia?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Kwa makosa. Utusamehe."

Akasema taratibu, "Makosa."

Mkuu aliponisikia akashika kichwa. Mle kwenye meseji mna jina la zahanati, anwani ya ruta, na jina la mtu aliyeingia kwenye mitambo mara ya mwisho. Mtu mwenye nia mbaya angejua ni zahanati ipi iko gizani, na tangu saa ngapi. Zilipaswa kufutwa, na tuhakikishe kwa macho kwamba zimefutwa. "Nenda mwenyewe," mkuu akasema. "Mambo kama haya hayaelezwi kwa simu."

Mzee alikuwa anaishi Chonyonyo. Nilifika saa nne asubuhi, bodaboda ikaniacha barabarani, nikashuka kwa miguu katikati ya kibanja chake. Shamba lilikuwa la migomba iliyotunzwa, limetandazwa majani makavu chini, mibuni imekatwa matawi vizuri. Alinipokea mlangoni, mrefu, amevaa koti la suti juu ya kaptula. Alinipa kigoda, akaniletea akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, kwenye kikapu kidogo kilichosukwa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchaguachagua. Aliniambia aliletwa mtoto mgongoni na wazazi wake kutoka Rwanda, akakulia kwenye mashamba ya watu akilima kibarua, mpaka akapata kipande hiki chake.

Nilimweleza nilichofuata. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akatoa simu kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa imefungwa kwenye nailoni.

"Kabla hujafuta, nikueleze," akasema. "Nina mtoto wa kike, ameolewa Rugera. Mama yake alipofariki, huyu binti alifika tumeshazika. Mvua ilikata barabara, lakini mimi siku hiyo sikutaka kusikia habari za mvua. Nikamwambia mbele ya watu, umekuja kula. Akageuka akaondoka na mzigo wake kichwani. Miaka miwili sikumpigia, hakunipigia."

Akatafuna kahawa kidogo.

"Halafu hiyo meseji ikaja. Kiingereza. Nikampelekea jirani, katekista mstaafu, alisoma seminari enzi zile. Akavaa miwani, akasoma. Nikaona uso wake unabadilika. Akaniambia, mzee mwenzangu, hapa wanasema Rugera. Wanasema hali mahututi. Na ameanguka."

Nilielewa kabla hajamaliza. Ruta zetu, kitu kikizimika, huandika CRITICAL, kisha jina la kituo, kisha DOWN. Katekista wa watu alitafsiri kadiri alivyojua.

"Nilipiga simu hapo hapo," mzee akaendelea. "Akapokea mwenyewe. Nikasema, uko hai? Akasema, baba? Nikasema, umeanguka? Akasema, sijaanguka, nachambua maharage. Kisha akaniuliza kama nimekula."

"Na meseji nyingine zilipokuja?"

"Nilipiga kila ilipokuja yenye jina la Rugera. Zile nyingine niliziacha. Baadaye binti alichunguza, akaniambia, baba, ni umeme wa zahanati tu, ipo hapa jirani yangu. Nikasema sawa. Lakini niliendelea kupiga. Namwambia, huko kwenu umeme umekatika. Ananiambia, ndiyo, baba, umekatika. Tunazungumza."

Alinipa simu. Nilianza kufuta. Zilikuwa nyingi hata kidole kikauma, na yeye alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mti wake ukikatwa kwa amri ya serikali. Nilipofika mwisho akauliza, "Huwezi kuniachia za Rugera peke yake? Mimi siibi. Sijui hata kusoma hicho Kiingereza."

"Najua, mzee. Lakini simu inapotea, simu inaibiwa. Sheria ni sheria."

"Sasa nitampigia kwa sababu gani?"

Ningeweza kumwambia baba hahitaji sababu. Niliwahi kusikia watu wakisema maneno kama hayo. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimemuona akieleza, na nilijua kwamba yeye anaihitaji. Nikamrudishia simu yake. Alinisindikiza mpaka barabarani na mkungu mdogo wa ndizi, akasimama nami mpaka bodaboda ilipokuja.

Wiki ile nilizishika ruta moja baada ya nyingine. Kwanza niliondoa kelele: nilizifundisha zitume arifa za umeme, joto, na mtu anayejaribu nywila asiyoijua. Mengine yote zikae nayo. Kisha nikazivisha nguo, kama alivyosema mkuu. Kwa mpango ule mpya kila ruta inakuwa na jina lake na nywila mbili, moja ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, nyingine ya kuvuruga ujumbe ili usisomeke njiani. Nywila hizo huandikwa sehemu mbili, kwenye ruta na kwenye kompyuta ya ofisini. Zikifanana, ujumbe unapokelewa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, kompyuta inautupa ujumbe bila kusema neno. Ndivyo inavyotakiwa, maana hutaki kompyuta ijibizane na tapeli.

Kila nilipomaliza ruta nilimpigia muuguzi wa pale, nikamwomba azime swichi ya ukutani, nikangoja simu yangu iite. Sita ziliita. Ya saba ilikuwa ya Rugera. Niliimaliza Ijumaa jioni, muuguzi alishaondoka, mlinzi hakupokea. Ningeweza kupiga tena baada ya nusu saa. Nilifunga ofisi nikasema nitajaribu Jumatatu.

Jumamosi simu ilikaa kimya. Jumapili ikakaa kimya. Niliimba kanisani bila kushika mfuko. Baada ya chakula nilijilaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nikalala usingizi wa mchana ambao sikuwa nimeulala kwa miaka. Mume wangu aliniamsha jua likiwa limeelekea kuzama, akanicheka kwamba nimekoroma. Nilimwambia, unaona, kumbe ilikuwa ni suala la kupanga tu.

Jumatatu asubuhi alinipigia muuguzi wa Rugera. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, jokofu lina joto."

"Tangu lini?"

"Sijui. Mlinzi anasema umeme uliondoka Jumamosi asubuhi. Betri zimekwisha, hazina hata taa. Yeye alidhani mtapiga simu kama siku zote, hamkupiga, akajua hakuna tatizo. Waitu dada, jamani, leo ni siku ya kliniki. Kina mama wamejaa hapa barazani."

Niliifungua kompyuta. Kwenye sehemu ambayo mtu huwa hafungui, palikuwa na mistari na mistari ya ujumbe uliokataliwa. Ruta ya Rugera ilikuwa imetutaarifu Jumamosi asubuhi. Ikarudia. Ikataarifu joto Jumapili mchana, saa zile zile nilizokuwa mkekani. Ikaendelea mpaka yenyewe ikazimika. Kompyuta ilizitupa zote. Nilitazama nywila niliyoandika. Upande mmoja kulikuwa na sifuri, upande mwingine nilikuwa nimeandika herufi O.

Chanjo ziliwekwa pembeni kufuatana na utaratibu, zikahesabiwa zimeharibika. Kina mama waliambiwa warudi wiki inayofuata. Wengine walikuwa wametoka mbali, watoto mgongoni, wamepanda vilima kwa miguu. Muuguzi aliniambia hakuna aliyepiga kelele. Walikunja kadi zao wakaondoka. Ningependa wangepiga kelele.

Kabla hajakata simu aliongeza, bila ubaya wowote, "Halafu kuna mama jirani hapa, zamani umeme ukikatika tu alikuwa anakuja kumuuliza mlinzi kuna nini, baba yake kampigia. Mlinzi akimuona anakumbuka kuangalia betri. Wikiendi hii hakuja."

Nilimwambia nitakuja.

Kwa mkuu nilieleza bila kupamba: mimi ndiye niliyekosea herufi, mimi ndiye niliyeacha kujaribu, na ukimya niliufurahia. Aliandika taarifa, jina la cheo changu likiwemo, akanisomea kila sentensi akiniuliza kama ni sawa. Zilikuwa sawa. Kisha akauliza, "Umelala lini mara ya mwisho?" Nikamwambia Jumapili, mchana kutwa. Hakucheka, nami sikucheka.

Wiki iliyofuata chanjo mpya zilifika Rugera, na siku ya kliniki nilikuwapo tangu asubuhi. Niliitengeneza ruta, nikazima swichi kwa mkono wangu, simu ikaita. Nikawasha, nikazima tena, ikaita tena. Mlinzi alinitazama nikirudia mara ya tano akaniuliza kama kifaa kimeharibika. Nilimwambia kifaa ni kizima.

Kina mama walirudi. Si wote, lakini wengi. Mmoja wao hakuwa na mtoto mchanga wake, alikuwa amemshika mjukuu. Alikuwa mrefu, na kwa urefu ule wa mzee wa Chonyonyo nilimjua. Aliposikia mimi ndiye wa mitambo alinijia.

"Wewe ndiye uliyezima meseji za baba?"

"Ndiye mimi, dada."

"Tangu siku hiyo hajapiga." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Nilidhani anaumwa. Halafu nikasikia kwa watu wa soko kwamba ni mzima, anapogoa kahawa. Basi nikajua amerudi kwenye hasira zake."

"Si hasira. Aliniambia hana tena sababu ya kupiga."

"Sababu?"

"Umeme. Alikuwa anapiga kukuambia umeme umekatika."

Akanitazama akijaribu kuona kama namfanyia mzaha. "Mimi ningejuaje?" akasema. "Mimi ndiye ninayekaa hapa. Umeme ukikatika naona. Niliitikia tu ili aendelee kuongea." Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kuanza kumpigia, kwa sababu siku ile ya msiba ni yeye aliyefukuzwa. Muuguzi akaita kadi yake, akaenda.

Sikumshauri kitu. Sikuwa na nguvu ya kuwapatanisha watu, na ningewaambia nini, mimi niliyeshindwa kupatanisha herufi moja na sifuri. Nilibaki kwenye benchi nikisikia watoto wakilia mmoja baada ya mwingine kwa sindano, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile kifua changu kililegea.

Mzee alinipigia baada ya mavuno ya maharage. Nilikuwa ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu binti alikuja."

"Alikuja Chonyonyo?"

"Alikuja na mjukuu wake na gunia la viazi. Amelala siku mbili. Tuligombana siku ya pili, juu ya kaburi la mama yake, anataka lijengewe, mimi nataka nipande maua tu. Ameondoka jana amenuna." Alikohoa. "Lakini amefika salama. Nimempigia kuuliza."

Nilimwambia nimefurahi, na kweli nilikuwa nimefurahi, ingawa nadhani sauti yangu haikuonyesha. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema nitume salamu kwa watu wa Rubwera asiowajua, akakata.

Nilirudi kwenye kompyuta. Asubuhi ile mtu alikuwa amejaribu nywila isiyo sahihi kwenye ruta ya Chonyonyo, mara mbili. Nilimpigia muuguzi wa pale. Alikuwa yeye mwenyewe, amesahau nywila yake.